Damu kwenye mkojo miaka minne baada ya mionzi: kibofu kilichochelewa kuumia

Mgonjwa ni mama wa miaka 54, mkulima wa mpunga kutoka vijiji vya ndani vya Kanda ya Ziwa, Tanzania. Amefikishwa usiku hospitali ya rufaa akiwa hajakojoa kwa saa tisa. Tumbo la chini limevimba, na mara ya mwisho alipojaribu kukojoa yalitoka mabonge meusi kama vipande vya maini. Mapigo ya moyo 122, shinikizo la damu 96/58, viganja vyeupe. Himoglobini 5.8, kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) mikromoli 178, chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) 312,000, kipimo cha kuganda kwa damu hakina tatizo. Hana VVU, hana kisukari. (Kisa ni cha kufundishia: kimeunganishwa kutokana na mwenendo wa kawaida wa ugonjwa huu, si faili la mtu mmoja. Dozi na hesabu ni zile zinazotumika kweli.)

Swali lililofungua kisa liliulizwa saa saba usiku, na aliyeuliza ni muuguzi aliyekuwa anamtafutia mshipa wa dripu: "Mama, uliwahi kupigwa mionzi?" Akajibu ndiyo, ya kizazi, miaka minne iliyopita, na alishapona. Kwa wiki tano zilizotangulia hakuna aliyekuwa amemuuliza, na yeye hakuona sababu ya kuutaja ugonjwa aliokwisha kupona.

Wiki hizo tano zina mengi ya kujifunza. Mara ya kwanza alipoona mkojo mwekundu alikwenda zahanati. Kijiti cha mkojo kikasoma damu +++ na chembe nyeupe +, akaambiwa ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa siprofloksasini miligramu 500 mara mbili kwa siku, siku saba. Siku ya tatu damu ikapungua. Hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu damu ya kibofu kilichopigwa mionzi hutoka na kukoma yenyewe, na dawa yoyote iliyokuwa mkononi siku ile hupewa sifa. Ile alama moja ya chembe nyeupe nayo haikuwa ushahidi wa maambukizi: damu inapomwagika kwenye mkojo huja na chembe zake nyeupe, na rangi yenyewe huvuruga usomaji wa kijiti. Kilichohitajika ni kuotesha mkojo maabara.

Damu iliporudi, akapewa dawa nyingine ya UTI. Iliporudi tena, mtu akafikiria kichocho, akapewa prazikwanteli miligramu 40 kwa kilo. Wazo hilo si la kubezwa. Kwa wanaoishi ufukweni mwa Ziwa Viktoria kichocho kilichozoeleka ni kile cha tumbo, lakini huko ndani, kwenye majaruba na madimbwi ya msimu, cha mkojo kipo kweli na damu ndiyo dalili yake kuu. Kasoro ni kwamba hakuna aliyetafuta mayai. Mkojo wa kutafutia mayai ya kichocho huchukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi, na mililita 10 huchujwa kabla ya kuwekwa chini ya hadubini. Muda wote huo mama alikuwa akinunua diklofenaki duka la dawa kwa ajili ya maumivu ya kiuno. Diklofenaki hudhoofisha kazi ya chembe sahani na kuibana figo, na yeye alihitaji vyote viwili.

Nini hasa alipewa miaka minne nyuma

Kadi yake ya matibabu, ambayo mwanawe aliileta kesho yake imekunjwa ndani ya mfuko wa kanga, ilisema hivi: saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya 2B. Mionzi ya nje grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) katika vikao 25, wiki tano. Sisplatini miligramu 40 kwa mita ya mraba kila wiki, mara tano. Kisha mionzi ya ndani, grei 8 kwa kikao, vikao vitatu.

Mwenye kutafuta kosa atajumlisha 50 na 24 apate 74, aone si nyingi. Hesabu hiyo haisemi kitu, maana grei 8 zinazoingia kwa mkupuo mmoja hazifanani na grei 8 zilizogawanywa siku nne. Ili kuzilinganisha, kila kikao hugeuzwa kuwa sawa na dozi ya grei 2 kwa siku. Kwa uvimbe, grei 8 huwa 8 × (8 + 10) ÷ 12, yaani 12. Hapo 10 ni namba inayoonyesha jinsi tishu inavyoitikia dozi ya mkupuo, na kigawanyo ni namba hiyo ukiongeza 2. Vikao vitatu ni 36, ukiongeza 50 unapata 86. Hiyo ndiyo dozi inayoua saratani ya aina hii, na bila mionzi ya ndani haifikiki.

Kibofu kina hesabu yake. Tishu zinazochelewa kuumia huchukia zaidi dozi kubwa za mkupuo, kwa hiyo namba 10 hubadilishwa kuwa 3, na kigawanyo kinakuwa 5. Kinachopimwa ni zile sentimita 2 za ujazo za ukuta wa kibofu zilizopata mionzi mingi kuliko nyingine. Katika vikao viwili vya kwanza vya mionzi ya ndani eneo hilo lilipata grei 6: 6 × 9 ÷ 5 ni 10.8 kila kimoja. Kikao cha tatu lilipata 7.5, na 7.5 × 10.5 ÷ 5 ni 15.75. Tofauti ya grei moja na nusu tu kwenye mashine imekuwa karibu grei 5 kwenye tishu. Jumla: 50 + 10.8 + 10.8 + 15.75, yaani 87.35. Wapangaji wa mionzi hulenga chini ya 80 kwa kibofu, na hawapendi kuvuka 90.

Kwa hiyo hakuna aliyemuunguza kwa uzembe. Alikuwa ndani ya mpaka, upande wa juu. Kikao cha tatu kinaelezeka kwa jambo dogo: gozi, kile kitambaa chepesi cha hospitali. Kabla ya chanzo cha mionzi kuingizwa, uke hupakiwa gozi ili kibofu kisogezwe mbele na puru isogezwe nyuma. Dozi hushuka haraka kadiri unavyokwenda mbali. Kwa chanzo kinachochukuliwa kama nukta, kutoka sentimita 2 hadi 2.5 hukata zaidi ya theluthi moja. Gozi ikilegea, au mwili wa mgonjwa ukiwa umebana kwa makovu ya vikao vilivyotangulia, nusu sentimita hiyo hupotea.

Ndani ya ukuta wa kibofu

Kibofu kimekaa mbele ya mlango wa kizazi, na ukuta wake wa nyuma, juu kidogo ya pembetatu inapoingilia mirija miwili ya figo, ndio unaogusana na eneo linalotibiwa. Tangu ndani kuja nje una bitana, kisha tabaka laini lenye mishipa ya damu, kisha msuli unaosukuma mkojo. Kila tabaka huumia kwa saa yake.

Bitana huumia kwanza. Seli zake za juu ni pana kama miavuli na zimepakwa ute unaozuia mkojo usipenye. Mionzi huharibu ute huo na maungio kati ya seli, mkojo wenye potasiamu na urea ukapenya hadi kwenye neva, na mgonjwa akaanza kukojoa kila baada ya nusu saa huku akiungua. Mama huyu aliyapata hayo wiki ya tatu ya mionzi, yakaisha wiki ya tano baada ya kumaliza. Wengi hudhani kwamba aliyepita hapo salama amevuka. Siyo. Awamu ya kwanza na ya pili ni magonjwa mawili yanayotumia kiungo kimoja, na mtu anaweza kupata ya pili bila kusumbuliwa sana na ya kwanza.

Awamu ya pili ni ugonjwa wa mishipa midogo ya damu. Mionzi hukata nyuzi za vinasaba vya seli, lakini seli iliyokatwa kwa kawaida haifi mpaka ijaribu kugawanyika. Seli zinazotandika ndani ya mishipa hugawanyika polepole, kwa hiyo hufa kwa miezi na miaka, moja moja. Kila inapokufa ukuta wa mshipa huvimba, hujaa seli zenye mafuta, na njia ya damu huwa nyembamba hadi kuziba. Tishu iliyo mbele ya mshipa hukosa oksijeni. Mwili hujibu kwa njia mbili na zote mbaya. Hutandaza makovu, ambapo nyuzi ngumu za kolajeni huchukua nafasi ya msuli na kibofu kikaacha kutanuka. Na huotesha vimishipa vipya kujaribu kuleta damu, ila hivi ni vipana, vimejipindapinda, havina msuli kwenye kuta zake, na vimekaa juujuu chini ya bitana iliyokonda. Kibofu kikijaa kidogo, au mama akikohoa, kimoja hupasuka. Msuli wa kukibana kisitoe damu hakina.

Ndiyo maana damu hii huweza kuanza miezi sita baada ya mionzi na huweza kuanza baada ya miaka ishirini. Na ndiyo maana antibayotiki haina pa kushika.

Usiku wa kwanza

Alipopokelewa aliwekewa mpira wa mkojo namba 16, wa kawaida. Ulitoa maji mekundu kidogo, ukaziba ndani ya saa moja. Namba 16 haipitishi mabonge. Mrija wa mkojo wa mwanamke ni mfupi na hupokea mpira mpana bila shida, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kuanza na mdogo. Ukatolewa, ukawekwa namba 22 wa njia tatu (ya kuingiza maji, ya kuyatoa, na ya puto linaloushikilia mpira ndani), puto likajazwa mililita 30.

Kazi iliyofuata ni ya mikono na haina njia ya mkato. Bomba la mililita 60 lenye mdomo mpana huingizwa kwenye mpira moja kwa moja. Sukuma mililita 50 za maji ya chumvi, vuta kwa nguvu, mwaga kwenye beseni, rudia. Bonge likiziba tundu, sukuma kidogo ili lisogee, geuza mpira, vuta tena. Ilichukua dakika 40 mpaka mabonge yakaisha. Anayeanza kutundika dripu ya kuoshea kabla ya kutoa mabonge anajaza kibofu kilichozibwa. Kibofu chenye makovu hakitanuki, hupasuka. Kanuni ni moja: kilichoingia lazima kitoke. Ukisukuma 50 mara mbili na hakuna kinachorudi, acha, usiongeze ya tatu.

Baada ya hapo ikatundikwa dripu ya kuoshea, chupa za mililita 500, mwanzoni moja kila dakika 20. Maji ni ya chumvi, si maji matupu, kwa sababu maji matupu yakiingia kwenye mishipa iliyo wazi hupasua chembe za damu na kushusha sodiamu. Kasi huongozwa na rangi kwenye mfuko: ikiwa kama juisi ya rozela, fungulia, ikifika rangi ya chai ya rangi iliyopauka, punguza. Muuguzi aliandika kila saa kilichoingia, kilichotoka, na tofauti yake, kwa kuwa tofauti hiyo ndiyo mkojo halisi wa mgonjwa. Ikiwa hasi, mpira umeziba au kibofu kinavuja tumboni.

Alipewa chupa tatu za damu. Diklofenaki ikasimamishwa. Daktari mmoja alipendekeza asidi traneksamiki na haikutolewa. Dawa hiyo huimarisha bonge, na bonge gumu ndani ya kibofu au ndani ya mrija wa figo ni shida mpya. Tena hutolewa na figo, ambazo wakati huo zilikuwa zimeelemewa.

Ultrasaundi ya asubuhi ilionyesha ukuta wa kibofu wa milimita 9 na figo zote mbili zimejaa maji kidogo. Siku ya tatu kreatinini ilishuka hadi 101 na ultrasaundi ya marudio ikakuta maji ya figo yameondoka. Marudio hayo yana uzito wake. Maji yangebaki baada ya kibofu kutolewa mkojo, ingebidi kutafuta mirija iliyobanwa, ama na makovu ya mionzi ama na saratani iliyorudi. Mkojo uliooteshwa haukuota kitu. Mayai ya kichocho hayakuonekana.

Kamera ya kibofu, na kinyama ambacho hakikukatwa

Siku ya nne, kwa ganzi ya uti wa mgongo, kibofu kikaangaliwa kwa kamera. Ujazo wake ulikuwa mililita 180. Cha mtu mzima hubeba 400 hadi 500. Ukuta wa mbele ulikuwa na rangi ya waridi. Wa nyuma ulikuwa umepauka kama ngozi ya kovu, na juu yake vimishipa vyekundu vilivyosambaa mithili ya mizizi ya nyasi. Vitatu vilikuwa vinachuruzika kibofu kilipojazwa. Juu ya pembetatu palikuwa na kidonda bapa cha sentimita moja, kingo laini, sakafu nyeupe. Mabaka yanayofanana na mchanga, ambayo ni alama ya kichocho cha zamani, hayakuwepo.

Mkono wa kila mtaalamu hapo hutaka kukata kinyama kwenye kidonda ili kipimwe maabara. Hakikukatwa, na uamuzi huo nauona ndio bora kuliko yote katika kisa hiki. Tishu isiyo na damu ya kutosha haiponi. Jeraha la kinyama kwenye ukuta wa nyuma linaweza kuchimbika hadi likatoboka ukeni, na fistula ya mionzi ni kitu kingine kabisa na ile ya uzazi, ambayo mafundi wake wanajulikana na matokeo ni mazuri. Hii ya mionzi haina tishu hai ya kushonea, na mara nyingi hulazimu kuleta nyama na mafuta kutoka shavu la uke. Hata hivyo saratani haiachwi bila kutafutwa. Uke na mlango wa kizazi vilipimwa kwa mkono chini ya ganzi ileile, seli za mkojo zikasomwa, picha ya nyonga ikapigwa. Vyote safi. Kidonda kingekuwa na kingo zilizoinuka au nyama inayochanua, kinyama kingekatwa, kidogo na cha juujuu, pembezoni.

Vimishipa vitatu vilichomwa kwa umeme, kwa nguvu ndogo, ncha ikigusa na kuondoka. Ukichoma mpaka pawe peusi umeongeza kidonda.

Kama damu isingesimama

Hatua inayofuata huwa ni shabu. Suluhisho la asilimia 1, yaani gramu 50 kwa lita 5, linaloandaliwa na famasia ya hospitali, hupitishwa kwenye kibofu polepole na kukaza protini za juu ya mishipa. Si lile jiwe la sokoni. Shabu ina aluminiamu, na figo dhaifu hushindwa kuitoa, ikafika kwenye ubongo. Mgonjwa huanza kuchanganyikiwa na kupata degedege. Kwa kreatinini ya 178 ya usiku wa kwanza isingefaa. Kwa 101 ingewezekana, ikisimamiwa.

Formalini inasimamisha damu kwelikweli na ndiyo inayoogopwa. Huanza na asilimia 1, chini ya ganzi kwa kuwa maumivu yake hayavumiliki, na kabla yake lazima ipigwe picha kuhakikisha mkojo haurudi nyuma figoni. Mara nyingi kibofu kinachobaki ni kidogo na kigumu. Yapo pia kuziba mishipa ya nyonga kwa kupitia paja, na mwisho wa yote kuuelekeza mkojo kwenye mfuko ulioko tumboni.

Oksijeni ya shinikizo ndiyo tiba pekee kati ya hizi inayolenga chanzo chenyewe, yaani ukosefu wa oksijeni. Jaribio la RICH-ART la hospitali za nchi za Nordiki, lililochapishwa 2019, liliwapa wagonjwa vikao 30 hadi 40 vya dakika 80 hadi 90 kila siku, wakivuta oksijeni tupu ndani ya chumba cha shinikizo, na dalili zao za mkojo zikapungua kuliko za wasiopewa. Kwa mkulima anayekaa mbali na chumba cha namna hiyo, vikao 40 maana yake ni miezi miwili mjini. Alielezwa, akahesabu nauli na pango, akasema asubiri kwanza.

Mpira ulitolewa siku ya sita. Kwa vigezo vinavyotumika kupanga madhara ya mionzi, wenye damu ya mara kwa mara huwekwa daraja la 3. La 4 ni kibofu kilichosinyaa chini ya mililita 100 au kinachotoa damu isiyozuilika. Aliruhusiwa na vidonge vya madini ya chuma na jagi la plastiki lenye alama za mililita, aandike kila mkojo kwa siku tatu za kila mwezi. Aliambiwa arudi bila kuchelewa akiona lolote kati ya mambo matatu: mabonge, kushindwa kukojoa, na kanga kuwa na unyevu muda wote hata kama amekojoa sasa hivi. Hilo la tatu ndilo la fistula, na wanawake wengi hulificha kwa aibu, kwa hiyo aliambiwa mbele ya binti yake ambaye ndiye anayefua.

Wiki ya saba damu ilitoka tena, rangi ya chai, siku mbili. Alikunywa maji mengi, hakununua diklofenaki, hakupewa antibayotiki. Miezi tisa baada ya kuruhusiwa himoglobini ilikuwa 10.9, kreatinini 92, na jagi lilisoma mililita 150 hadi 170 kwa mkojo mmoja, mara kumi na moja kwa siku, mbili zikiwa za usiku. Kwenye kamera kidonda kilikuwa kovu jeupe. Vimishipa bado vilikuwepo, na kwenye jalada la kliniki ya kijijini kwao, ukurasa wa kwanza, yakaandikwa kwa kalamu nyekundu maneno "alipigwa mionzi ya nyonga" pamoja na dozi zote.